Nusu ya Njia Aliyoichora Baba

Karatasi niliikuta kwenye droo ya vifungo, miezi mitatu baada ya kumzika baba. Ilikuwa kaki ileile tunayochorea nguo kabla ya kukata, nikadhani ni ya koti la mtu. Nilipoikunjua nikaona geti, daraja la magogo, mti ulioanguka, na juu kabisa maporomoko ya maji. Kando ya kila kituo baba alikuwa ameandika dakika kwa penseli. Hapa na pale aliweka alama ya msalaba mdogo, na pembeni yake: "anakaa".

Miaka kumi na mmoja duka letu limeshona sare za askari wa msitu. Kila walipokuja kuzichukua walituambia twende tukatembee njia ya mzunguko, inayopanda hadi maporomokoni na kukurudisha getini kwa upande mwingine. Baba alijibu, "Mwakani." Mama, akiwa anaweka vifungo, aliitikia, "Huyo mwakani naye sasa yuko darasa la tano."

Tangu msiba mama hakuwa ametoka nje. Alikuwa akila vijiko viwili na kugeukia ukutani. Nilipomwonyesha karatasi akaishika kwa mikono miwili, akaketi.

"Twende," akasema. "Jumamosi."

Nikampigia baba mdogo, ambaye ni dereva wa teksi, naye akaacha abiria wake wa mchana akaja mbio. Tukakubaliana kwa macho: safari hii isivunjike kwa lolote.

Ukingo mmoja wa karatasi ulikuwa umenyooka, na baba alikuwa ameandika hapo "mkunjo". Kwa fundi hilo halihitaji maelezo. Huchori shati zima, unachora nusu, unaiweka kwenye mkunjo wa kitambaa, ukikata unapata pande mbili zinazolingana. Basi nikatandika karatasi kubwa juu ya meza ya kukatia, nikaweka nusu ya baba, nikachora upande wa pili kwa chaki. Mzunguko ukakamilika. Saa tatu za kupanda, saa tatu za kushuka. Tukiingia saa mbili asubuhi, saa nane tuko getini.

"Mimi nabeba chakula," akasema baba mdogo.

"Wewe ukibeba chakula tutafika na sufuria tupu," akajibu mama.

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba.

Nikampigia askari wa getini kuandikisha majina. Niliweka spika, maana mama alitaka kusikia kila kitu. Nikamsomea mpango wetu, nikamtajia na goti bovu la mama.

"Subiri, dada," akasema. "Kupanda sawa. Lakini kushuka ni ngazi za mawe, nyembamba, zina utelezi. Mama mwenye goti bovu hapiti. Nani kawaambia pande zote mbili ziko sawa?"

Baba mdogo akashika kichwa. "Kaka yangu! Alidhani msitu ni shati!"

Tukacheka, hata mama. Nikamwambia askari aliyechora ni baba, fundi wa sare zao.

Askari akadakia:

"Yule aliyekuja amejifunga goti?"

"Goti lipi?" nikauliza. Baba hakuwahi kuumwa goti.

"La kulia. Alilikaza kwa kitambaa cha kijani kama cha sare zetu, akawa anachechemea makusudi. Nikamuuliza, fundi, vipi? Akasema anapima mwendo wa mke wake, ajue atachoka wapi. Kila alipochoka akakaa, akaandika."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya goti lake la kulia.

"Lini?" akauliza.

Askari akataja siku. Ilikuwa siku tisa kabla ya kifo cha baba. Aliniaga kwamba anakwenda mjini kununua kitambaa cha bitana.

"Pale maporomokoni alikaa sana," askari akaendelea. Hakujua nani anamsikiliza. "Uso ulikuwa umebadilika, jasho linamtoka. Nikamkataza kuendelea na ule upande wa pili. Akasema basi atakisia. Nikamrudisha taratibu kwa njia ileile. Vipi, hajambo?"

Baba mdogo ndiye aliyemwambia kwamba kaka yake amefariki.

"Ilikuwa nini?" sauti ya simu ikauliza, imekuwa ndogo.

"Moyo."

Nilitamani ningeizima ile spika tangu mwanzo. Baba alikuwa na dalili siku tisa nzima, akala nasi, akashona nasi, akanyamaza.

"Alirudi mikono mitupu," mama akasema polepole. "Nikamgombeza. Nikamwambia, mwanamume mzima unapotea mchana kutwa, bitana yenyewe huna. Akaniambia, nisamehe, nitakwenda tena."

"Shemeji," baba mdogo akaanza.

"Ngoja."

Nilijua sasa atarudi kugeukia ukuta. Badala yake alichukua mkasi wa baba, ule mkubwa ambao hakuna aliyeugusa, akakata karatasi kuanzia geti hadi maporomokoni, sawasawa kwenye mstari wa mkunjo. Nusu yangu ya chaki ikaanguka sakafuni.

"Hiyo hakuipita," akasema. Akainamia simu. "Mwanangu, njia aliyorudi nayo mimi naiweza?"

"Unaiweza, mama. Aliipima kwa ajili yako."

"Basi andika watu watatu. Tunafika maporomokoni, tunarudi alikorudi."

Simu ilipokatika akaniuliza kitambaa alichojifungia baba goti kiko wapi. Nikasema sijui. Kisha nikakiona: kipande cha kijani cha sare, kinaning'inia pembeni ya cherehani yangu. Miezi mitatu nilikuwa nakifutia mafuta ya mashine.

Nilimpa. Hakunilaumu. Alikinyoosha juu ya paja, akajifunga goti la kulia, akakaza fundo, akasimama.

"Tazama saa," akaniambia, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.