Usiku Nilipomwona Mama kwa Darubini

Mama yangu, Bi Sikuzani, tumemzika mwaka huu, masika yakiwa yamekolea. Alikufa kwa maradhi ya moyo, mchana, hospitalini Mkomaindo, mimi nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake. Waliokuja kuhani walinisikia nikishukuru zaidi kuliko nilivyolia, na wengine walishangaa. Naandika ili wanangu wajue sababu. Miaka kadhaa nyuma mama angeweza kufa shambani kwetu kwa risasi, na bunduki ilikuwa mikononi mwangu mimi.

Wakati ule nguruwe pori walikuwa wametushinda. Kijiji chetu kiko chini kidogo ya ukingo wa mlima wa Newala, upande wa kuteremkia Masasi, na chakula chetu ni mihogo. Nguruwe waliingia usiku wakafukua tuta baada ya tuta. Tulipiga madebe mpaka wakazoea. Ndipo kijiji kikachagua watu wawili wafundishwe kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji: mimi, Mujibu, na Alfredi, Mmakua wa Lukuledi aliyeoa kwetu, mtani wangu. Mkufunzi alitoka Masasi, Afande Yeremia, mtu mwembamba asiyepaza sauti. Alikuja na bunduki moja iliyofungwa darubini ya kuonea gizani.

Nilidhani ukiwa na darubini ile usiku unageuka mchana. Sivyo. Kila kitu kinakuwa kijani na bapa kama picha ya ukutani. Mti wa mbali na mti wa karibu inasimama pamoja. Ukiitoa jichoni, jicho lile halioni kitu kwa muda, unajikwaa hata kwenye kizingiti. Usiku wa kwanza, bunduki ikiwa tupu, niliona nguruwe amelala chini ya mkorosho. Nikalenga, nikavuta triga. Yeremia akaenda na tochi, akarudi amebeba gunia la pumba alilolitega yeye mwenyewe.

"Mujibu ameua gunia!" Alfredi alitangaza. Kesho yake kila niliyekutana naye njiani aliniomba paja la gunia.

Yeremia hakucheka. Alituketisha, akatueleza kwamba darubini ina taa yake ambayo sisi hatuioni, na mnyama akiielekea macho yake yanawaka kama makaa. "Kidole hakiingii kwenye triga mpaka umeona macho, na umeona miguu," alisema. "Mgongo siyo mnyama. Mgongo ni mgongo tu."

Akaturudisha gizani tena na tena. Alitufungia mbuzi vichakani tumtambue. Alimwambia Alfredi atambae kwa magoti katikati ya mihogo, mimi niseme ni nani. Alfredi alilalamika kwamba kwao Lukuledi hata mbwa hawafundishwi hivyo. Yeremia akamjibu, "Mbwa hawapewi bunduki," akamwambia arudie.

Ukafika usiku wa kupiga kwa risasi. Mtendaji wa kijiji alikuwa ametangaza mtu yeyote asiende shambani mpaka jua litoke. Tulijibanza kwenye shamba letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililoliwa zaidi. Nilitaka sana kupata. Mwaka ule, mihogo ile ikiisha, mama angekula kwa kuomba.

Tulikaa hadi baridi ya alfajiri ikaingia mifupani, na ukungu ukaanza kuteremka kutoka juu. Alfredi akanigusa. Kitu kilikuwa kinachakura majani makavu mwisho wa shamba, kwenye mkorosho mkubwa alioupanda babu. Nikaweka jicho. Palikuwa na mgongo, mpana, umeinama chini kabisa, unasogea kidogo kidogo.

"Unaona nini?" Yeremia alininong'oneza. Alikuwa nyuma yangu, hana darubini nyingine.

"Mgongo."

"Macho?"

"Hakuna."

"Kainama anakula, macho utayaona wapi?" Alfredi alinong'ona. "Piga, bwana! Ukungu ukifunga tumemkosa."

Ilikuwa kweli. Weupe ulikuwa unapita mbele ya darubini, mgongo unapotea na kurudi. Nilikwisha kutoa usalama wa bunduki. Kidole changu kilikuwa kimenyooka kando ya triga, kinauma kwa baridi.

"Mujibu, mtani, unaogopa gunia?"

Sikuondoa jicho. Nilisubiri macho. Mgongo ukatulia, kisha ukapanda, ukawa mrefu, na mkono ukashika kiuno upande wa kushoto. Nilimjua mtu mmoja tu aliyeinuka hivyo.

Nilirudisha usalama. Nikainamisha mtutu.

"Nini?" Yeremia aliuliza.

"Mama."

Yeremia alichukua bunduki mikononi mwangu taratibu, akatoa risasi zote, ndipo akawasha tochi. Tulimkuta amejifunika blanketi kichwani, ameshika kisahani. Chini ya mkorosho palikuwa na fungu dogo la unga mweupe. Mama aliswali swala zote tano, lakini jambo likimkaa moyoni alimwaga unga pale, kabla hajasemeshwa na mtu, akawaombea waliotangulia na kuomba kupitia kwao, kama mama yake alivyofanya.

"Shikamoo, mama," Yeremia alisema.

"Marahaba, baba."

"Mama, si walitangaza?" nilimwuliza.

"Walisema tusiende shambani. Mti wa babu yako ni shamba?" Akaona nyuso zetu, akashusha sauti. "Nilikuja kukuombea upate."

Alfredi ndiye aliyetuokoa. "Bi Sikuzani, mwenzio nilikwisha kuweka sufuria jikoni."

"Kampikie baba yako sufuria hiyo!" mama alimjibu, na akacheka, na mimi nikakaa chini kwenye majani nikalia.

Kabla hatujaondoka aliomba kuchungulia. Yeremia alifungua darubini kwenye bunduki, akamshikia jichoni. Mama aliitazama nyumba yetu, akatazama mihogo. "Kumbe usiku una rangi ya kisamvu," alisema.

Nguruwe niliwapata baadaye, usiku mwingine, macho yote yakiwaka. Nyama walikula akina Alfredi; sisi tulikula mihogo. Mama aliishi. Aligombana nami juu ya bati la nyumba. Alimlea binti yangu Hamida akamfundisha kuanika makopa ya mihogo. Alizeeka mbele ya macho yangu, akaugua, na nikapata nafasi ya kumwogesha na kumlisha uji. Kila siku katika hizo nilipewa.

Afande Yeremia alikuja mazikoni kwa pikipiki kutoka Masasi. Alishika koleo zamu yake pamoja na wengine. Kaburi lilipokwisha, nilichukua kopo nikammiminia maji mikononi.

"Asante, afande."

"Asante ya nini? Si mimi ninayenawishwa?"

"Ya miaka hii."

Alisugua udongo vidoleni bila kuniangalia. "Yatosha, Mujibu. Maji ya kwenu yanapandishwa mlima, usiyamalize."

"Nawa," nilimwambia, nikainamisha kopo zaidi. "Nawa mpaka mikono itakate."