Mahudhurio ya Gumzo

Mwalimu Mkuu alistaafu miaka miwili iliyopita, ila ualimu ulikuwa bado haujapata habari hiyo. Kila asubuhi baada ya chai alifungua daftari la mahudhurio aliloondoka nalo shuleni, akavaa miwani, akashika simu, akaanza kukagua ndugu zake jina kwa jina.

Si kwamba alitaka kujua hali zao. Alitaka kujua kama jana waliingia Gumzo, ule mtandao wa kutumiana picha na salamu. Aliyependa posti tatu alipata tiki. Aliyepungukiwa alipata sifuri ya wino mwekundu na kupigiwa simu hapo hapo.

"Shemeji, jana hukuonekana," alimwambia kaka wa mkewe, fundi rangi, ambaye wakati huo alikuwa juu ya ngazi.

"Jana nilikuwa napaka dari, shemeji."

"Dari linataka vidole vyote kumi? Mimi nakuomba kimoja tu."

Fundi rangi alishuka, akafuta kidole kwenye suruali, akapenda posti kumi mfululizo bila kuitazama hata moja, kisha akapanda tena. Binti wa Mwalimu, nesi, alikuwa na mtindo wake: alipenda za wiki nzima kwa mkupuo siku ya Jumapili. Mgonjwa wake angemeza dawa hivyo, angemgombeza mpaka wodi ya pili isikie.

Ukoo mzima uliamini mzee ameelemewa na upweke, wakamvumilia. Ukweli ulikuwa mwingine, na ulimkosesha raha. Kiinua mgongo chake, kile alichomwahidi mkewe kwamba kitaezeka paa upya, alikuwa amekinunulia hisa za kampuni ya Gumzo. Dalali wa hisa alimwambia kwamba thamani ya kampuni ni watumiaji wake, naye akalielewa jambo hilo kwa akili ya shule: darasa likijaa, shule inasifiwa. Basi ndugu na mashemeji wakihudhuria kila siku, bei ya hisa itapanda tu. Tangu siku aliyozinunua bei ilikuwa inateremka, na kila ilipoteremka yeye aliwalaumu watoro.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea ndicho kilichovuja kuliko vyote. Mvua ikinyesha aliweka sufuria chini ya tundu la kwanza na beseni chini ya la pili, akasukuma cherehani kwenye kona kavu, akaendelea kushona. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomtisha mumewe.

Asubuhi moja ya mvua, Mwalimu akiwa katikati ya kuweka tiki, mkewe alisema bila kuinua macho kwenye pindo la gauni, "Mwalimu, leo nafunga akaunti yangu ya Gumzo."

Kalamu ilimponyoka. "Kwa nini, mke wangu?"

"Mwaka mzima naweka picha za magauni. Watu wanapenda, wanapenda, wanapenda. Mteja niliyepata ni jirani wa ukuta huu, na yeye alikuja kulalamika kelele za cherehani. Akaona sketi, akaagiza."

"Huwezi kuondoka!"

"Kwa nini?"

Mtu huyu alijibu maswali ya watoto kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtoto aliyewahi kumkwamisha. "Kwa sababu," alisema, "wewe ni kiranja."

Mkewe alisimamisha cherehani. Chumba kikabaki na sauti ya matone yakigonga sufuria, na Mwalimu akahisi kila tone linamuuliza yeye. Alivua miwani. Akasema yote: kiinua mgongo, dalali, hisa, daftari. Alisema haraka, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona mbele ya mtu.

"Najua," mkewe alisema.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile." Alichukua simu yake, akapekua, akamwonyesha.

Ilikuwa posti ya Mwalimu mwenyewe, ya miezi mitano iliyopita. Picha ya cheti cha hisa, wazi kabisa, na chini yake maneno aliyodhani amemtumia dalali peke yake: "Nimekipokea, ahsante. Mke wangu bado hajui, tafadhali usipige simu ya nyumbani." Watu arobaini na mmoja walikuwa wameipenda. Binti yake aliipenda. Fundi rangi, kaka wa kuzaliwa wa mwenye paa linalovuja, alikuwa ameandika, "Amina shemeji, ubarikiwe."

"Arobaini na mmoja," mkewe alisema. "Wote uliwapa tiki. Aliyesoma ni mimi peke yangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie wewe, kwa mdomo. Miezi mitano tunakula meza moja, Mwalimu. Iliniuma."

Mwalimu alilifunga daftari la mahudhurio, akalisukuma kando.

"Kesho unaziuza," mkewe aliendelea.

"Kwa bei ya sasa hazifikishi hata nusu ya paa."

"Basi tutaezeka upande wa cherehani. Upande wa pili utakaa wewe."

Mkewe alilivuta daftari, akafungua ukurasa safi, akaandika jina moja tu. Akashika kalamu nyekundu.

"Mwalimu Mkuu."

Mzee alitazama sufuria.

"Naita jina."

Mzee alisimama, akanyoosha mkono. "Nipo."

Mkewe alimtazama juu mpaka chini, akafikiri kidogo, akaandika sifuri.

"Lakini nimeitika!"

"Hiyo sifuri ni ya miezi mitano iliyopita," alisema, akakanyaga cherehani. "Ya leo tutaona jioni. Kamwage maji ya sufuria."