Mhuri wa Karoti

TANGAZO RASMI! Umoja wa Ulaya, kwa sauti moja ya mataifa yake yote ishirini na saba, baada ya kutafakari kwa kina mwenendo wa biashara duniani, unapenda kuutaarifu ulimwengu kwamba hauwezi tena kuishi bila maharage machanga ya Mzee Mbaraka wa Vuga.

Makao makuu ya Umoja huo, adhuhuri hiyo, yalikuwa juu ya sanduku la bati katika bweni la wasichana, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Katibu Mkuu alikuwa Mwanaisha binti Mbaraka, kidato cha tatu, mwenye adhabu mbili ambazo bado hajazimaliza. Mhuri aliuchonga kwenye karoti ya jikoni. Ulipaswa kuwa na nyota kumi na mbili. Zikatoka tisa, kisu kiliteleza.

"Tatu zimekwenda wapi?" aliuliza Efrazia, rafiki yake wa Rangwi, aliyewekwa mlangoni kumchungulia matroni.

"Zimejitoa. Siku hizi watu wanajitoa."

"Mwana, hii ni dhambi. Mimi simo."

"Humo, lakini usiondoke hapo mlangoni, mtakatifu wangu."

Miaka sita Mzee Mbaraka alilima maharage ya Ulaya, yale yanayochumwa yakiwa bado mabichi na membamba. Ulaya haikutaka lililopinda, wala lililomzidi mwenzake urefu. Rula ya nyumba ile ilikuwa kiganja cha Mwanaisha. Baba alimkalisha kwenye meza ya kuchambulia, akalaza haragwe kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Likilingana, linaingia katoni. Alipofika darasa la tano, maharage yakawa mafupi ghafla. Baba akakishika kile kiganja, akakigeuzageuza, akacheka: "Hiki sasa kimeipita Ulaya."

Kisha zikaja karatasi. Cheti cha dawa, cheti cha maji, ramani ya kila jaruba. Mwalimu wa uchumi aliwaeleza kwamba Ulaya imebanwa: Marekani inapandisha ushuru, Uchina inauza rahisi, na Ulaya yenyewe inahangaika ili viwanda na wakulima wake wasiachwe nyuma. Darasa zima liliandika. Mwanaisha alikaa na kalamu mkononi, akiionea Ulaya huruma. Kumbe nayo inazitamani siku zake zilizopita.

Lakini mnunuzi wa maharage hayo aliwaacha wakulima wadogo wasiozimudu karatasi hizo. Mama akabaki na kabichi za Vuga, na baba akateremka Tanga kubeba mifuko ya saruji ghalani. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Kila Jumapili sauti yake ilikuja kwenye simu ya matroni pamoja na kikohozi ambacho hakuondoka nacho milimani.

Barua yenye tangazo lile ikakunjwa, ikakabidhiwa kondakta wa basi la Tanga.

Jumamosi ya wazazi, ukungu ukiwa bado haujainuka, Mwanaisha aliitwa getini. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu vimejaa vumbi la kijivu.

"Shikamoo, tate!" alimwamkia baba yake kwa Kisambaa.

Hakuitikia. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua taratibu kama hati ya shamba.

"Ulaya wameniita, mwanangu. Nimewaaga ghalani."

"Umewaaga kabisa?"

"Sasa nijiulize nini, na mhuri upo? Lori lao linakuja lini?"

"Labda... wakishamaliza vikao, baba. Ulaya wana vikao vingi."

"Na nyota tisa hizi?"

"Wamepunguza matumizi."

Baba alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Hebu nisomee mstari wa kwanza, ule wa juu ya tangazo. Macho yangu yana saruji."

Mwanaisha akasoma: "Shikamoo Mzee Mbaraka."

"Miaka sita nimeilisha Ulaya," alisema baba. "Imeniandikia barua mara ngapi! Haijawahi kuniamkia hata siku moja."

Nyuma ya ukuta wa jikoni, Efrazia, aliyekuwa amejificha akisikiliza, alisikika akikimbia.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Mwanaisha. "Na kazi?"

"Nimewaaga kwa siku mbili. Kesho narudi na basi la asubuhi. Ila mtu akikuamkia, huwezi kumwacha bila jibu." Akamshika mkono, akakilaza kiganja chake juu ya goti. "Marahaba, Ulaya. Na ile ya pili, ya hapa getini, nayo marahaba."

Mwanaisha alikitazama kiganja chake, kirefu, kisichofaa tena kupimia kitu.

"Ni mimi, baba. Barua ni mimi, karoti ni mimi, Efrazia hayumo. Nilijaribu kuandika kama mzungu, kavu kavu, nikachana karatasi nne. Mkono ulikataa kukuandikia wewe bila shikamoo." Akaikunja barua. "Na si kweli kwamba Ulaya haiwezi kuishi bila wewe. Hapo palipoandikwa Ulaya palitakiwa jina langu."