Gari Lililopakwa Lami Chini

Uvumi ulianzia kwa wauza omena wa Khayega, na kufikia saa nne ulikuwa umezunguka soko zima: eti gari moja likishuka mlima, sakafu iliachia, na mama aliyeketi nyuma akaona mguu wake unakimbizana na barabara. Wengine walisema alipoteza kiatu tu. Wengine walisema zaidi ya kiatu.

Nasambu alicheka na wenzake, pale nyuma ya vyungu alivyouza kwa miaka ishirini na sita. Lakini jioni uvumi ulimfuata hadi nyumbani, ukakaa naye jikoni.

Sababu ilikuwa moja. Binti yake Immaculate, mwalimu huko Mayoni, alikuwa amenunua gari kuukuu, na Jumamosi alitaka kumpeleka mtoto wake Ashley harusini Mumias. Ashley, mwenye miaka sita, alikwisha kujichagulia kiti: nyuma, kushoto, dirishani.

"Mama, hata chini ni safi," Immaculate alisema. "Inama uone. Nyeusi tii. Mwenyewe alipaka lami mpya kabla ya kuniuzia."

"Kabla ya kukuuzia," Nasambu alirudia.

"Na alikuwa anaioshanga kila jioni. Anaiingiza mtoni mpaka magurudumu yanazama."

"Kila jioni, mtoni?"

"Si ni usafi, Mama?"

Nasambu alikumbuka pipa lake la maji. Lilipoanza kushika kutu alilipaka lami, akajisifu. Krismasi ilipofika alilinyanyua pipa, kitako kikabaki chini.

"Kesho twende kwa Oduor."

"Mama, na Jumamosi ni kesho kutwa!"

"Ndiyo maana ni kesho."

Oduor, fundi wa gereji mjini Kakamega, aliliweka gari juu ya shimo, akashuka, akamulika tochi huku na huku. "Mwalimu, sioni kutu hapa. Imepakwa ikapakika."

Nasambu alikaza leso kiunoni, akashuka ngazi za shimo.

"Mama, unakuja wapi?" fundi aliuliza. "Hiki ni chuma, si chungu!"

"Hata chungu chenye ufa kuna watu hukipaka rangi, baba. Nipishe."

Mwenye kuuza vyungu haamini macho. Hugonga kwa kifundo cha kidole: chungu kizima huita, chenye ufa hukohoa. Nasambu alianzia mbele. Ngii. Ngii. Akasogea. Ngii. Oduor alikuwa bado anatabasamu walipofika chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Pwa.

Alirudia. Pwa.

"Umesikia, fundi?"

Oduor alichukua bisibisi, akaigusisha pale, ikazama hadi mpini. Maji meusi yakamchuruzikia mkononi, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tatu. Akabandua lami. Ndani mlikuwa na gazeti lililoshindiliwa, pati ya kuzibia nyufa juu yake, na chuma kilichobaki kinabanduka kama maganda ya kitunguu. Hata vile vitundu vidogo vya kutolea maji, lami ilikuwa imeviziba vyote.

Immaculate aliinama ukingoni mwa shimo. "Si hapo ndipo mkanda wa kiti cha Ashley umefungiwa?"

"Ndipo."

"Umefungiwa kwenye nini sasa?"

"Kwenye gazeti, mwalimu."

Immaculate aliketi juu ya gurudumu kuukuu. "Mama, mimi nilifikiri weusi ndio uzima."

"Hata mimi, na pipa langu," Nasambu alisema, akatoka shimoni na kumpa mkono wa kumwinua.

Harusini walienda na gari la kanisa. Ashley alinuna mpaka Mumias.

Kazi ilichukua siku tisa. Oduor alikata mpaka akafika kwenye chuma kinachoita, akachomelea bati jipya nene, akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, akazibua vitundu. Rangi ilipokauka ndipo akapaka ile lami nyeusi. Kabla Immaculate hajapewa funguo, Nasambu alishuka tena shimoni na kidole chake. Ngii, mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo Ashley aliporuhusiwa kupanda, akakaa nyuma, kushoto, dirishani.

Siku hiyohiyo Nasambu alichana karatasi kwenye daftari la mjukuu wake, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani mwa gereji ya Oduor:

USINUNUE GARI LILILOPAKWA JUZI CHINI.
USIPAKE LAMI JUU YA KUTU. KWANGUA KWANZA.
USIOSHEE GARI MTONI.
USIZIBE VITUNDU VYA MAJI.
USIACHE MATOPE YALALE CHINI YA GARI.
USIMFUNGE MTOTO MKANDA KABLA HUJAJUA UMESHIKWA NA NINI.
USIAMINI MACHO. GONGA.