Msonobari wa Magongo

Tangu alipomzika mumewe Sadock, Melania hakukubali kusaidiwa na mtu. Kina mama wa kanisani kwao Alief, mtaa wa Houston, walipomletea vyombo vya pilau na maharage, alivipokea mlangoni, akashukuru, na Jumapili iliyofuata akavirudisha vimejaa chakula alichokipika mwenyewe. Hospitalini aliomba zamu za ziada. Binti yake Abigail alipomuuliza, "Mama, are you okay?" alijibu kwamba chakula kiko mezani.

Aliyefanikiwa kumtoa Houston ni Jeptoo, Mkenya waliyesoma naye uuguzi, ambaye baadaye aliacha wodi akaajiriwa uwanja wa ndege wa Dallas, akahamia Irving, mji wa jirani. Kazi yake ilimpa tiketi za ndege za bei nafuu, yeye na mwenzake mmoja.

"Mama Abigail, pakia viatu vya kutembea," alisema kwenye simu. "Twende Japani."

"Japani nina nani mimi?"

"Huna mtu. Ndiyo sababu tunaenda."

Mahali pa kwanza walipotembelea ni bustani ya hekalu moja la zamani. Mzee mmoja alikuwa juu ya ngazi akikaza kamba kwenye msonobari mkongwe, ambao matawi yake yameegemezwa juu ya nguzo za mbao. Melania aliutazama kwa jicho la wodini: mgonjwa wa magongo. Jeptoo akatoa simu inayotafsiri, akamuuliza mzee kwa nini hawaukati. Mzee akajibu kwamba mti umechoka, lakini bado unachipua.

"Mti hauna haya," Melania akasema.

"Haya ya nini sasa?"

"Ya kushikiliwa."

Jeptoo akairudisha simu mfukoni.

Kesho yake wakapanda njia ya milimani. Kwao Alief hata kwenda kununua ndizi mtu huwasha gari. Hapa palikuwa na ngazi za mawe zilizoota kuvu, mierezi mirefu kila upande na manyunyu yasiyokatika. Harufu ya udongo ule mbichi ilimkumbusha Lushoto, alikozaliwa Sadock. Sadock hakuwahi kuipenda ardhi ya Texas. Alisema imepigwa pasi, haina mkunjo hata mmoja wa mtu kujifichia. Melania alimsikia kabisa akilisema hilo, akaongeza mwendo kana kwamba anafukuzwa.

"Wewe, hebu slow down!" Jeptoo akaita kutoka nyuma.

Hakupunguza. Mguu ukateleza kwenye kuvu, kifundo kikapinda, akakaa chini kwa kishindo. Jeptoo alipomfikia na kumnyooshea mkono, aliusukuma. "Niache. Nitanyanyuka." Akajaribu, akaanguka tena.

Mwanamke mmoja alikuwa akishuka, mzee, kimo chake kikiishia kifuani kwa Melania. Hakuuliza chochote. Alikifungua kitambaa chake cha shingoni, akakifunga kile kifundo kwa ustadi, kisha akaingiza bega lake chini ya kwapa la Melania na kungoja. Jeptoo akashika upande wa pili. Kumsukuma bibi yule Melania hakuweza; akamwegemea.

Walishuka polepole. Kwenye daraja dogo juu ya kijito Melania akaanza kulia, kilio cha sauti, cha msibani, ambacho kule Houston hakikutoka hata siku ya mazishi. Yule bibi alisimama. Hakumbembeleza wala hakumtazama. Alitazama maji yanavyopita, bega lake likiwa palepale. Kilio kilipokwisha, wakaendelea na safari.

Jioni hotelini, mguu ukiwa juu ya mto wa kulalia, Melania alimpigia binti yake.

"Leo nimemlilia baba yako," alisema.

"Me too, Mama. Every day," Abigail akajibu. "I thought we weren't allowed to."

Jeptoo, aliyekuwa kando yake, akamshika mkono, na safari hii Melania hakuusukuma.

Waliporudi, Abigail aliendesha gari kutoka Houston kumfuata mama yake Dallas, ingawa ilikuwa siku ya masomo. Walipokwisha kumshusha Jeptoo kwake Irving na kuingia barabara kuu, msichana akauliza baba yake alikuwaje alipokuwa kijana. Melania alisimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo, na pale Abigail alipokutana na neno asilolijua, aliuliza maana yake.