Rubani Aliyekosa Matanga

Mama alikuwa mochari Kakamega wiki ya tatu, na mimi nilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nikimlisha mzungu uji kwa kijiko.

Mzee Florent ni Mbelgiji aliyepita miaka mia, na binti yake ndiye madam wangu. Kwetu jeneza halishuki kabla kifungua mimba hajafika, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa unanisubiri mimi. Nami nilikuwa namsubiri kafili, mdhamini wa kazi yangu, mume wa madam, abonyeze simu yake huko Riyadh nipate ruhusa ya kusafiri. Hakukataa. Alisema tu nikae mpaka apatikane mtu ambaye mzee atamkubali. Walikuja wanawake wawili, wa pili akiwa Lorine, wote mzee akawatemea uji.

Nilikuwa nimechoka na vita vyake. Kila asubuhi ni vilevile: Wajerumani wameiteka nchi yake, yeye ametorokea Uingereza kwa meli ya makaa, Waingereza wamempa ndege. Miaka minne akarusha mabomu akiwa mkimbizi, anarudi na matundu kwenye bawa. Zamu ikiisha anaambiwa apumzike, naye anaomba nyingine. Mimi huitikia "ee" huku nikimpangusa kidevu.

Siku hiyo alifika mahali ambapo kwa kawaida usingizi huwa umeshamchukua. Mama yake alikufa katikati ya vita, na habari ikamfikia kaburi likiwa limeota nyasi.

"Wangu hajazikwa," nikamwambia. "Ako kwa barafu, ananingoja."

Akaacha kutafuna. "Kwenu wanaweza kungoja?"

"Wanangoja, lakini si milele. Wajomba wamechoka. Wamesema Jumamosi ni halas, wanazika, nifike nisifike."

Akauliza ni nani anayenizuia. Sikuwa na nguvu hata ya kudanganya.

"Ni wewe, mzee."

Nilidhani atalia. Badala yake alimwita binti yake, akamwambia ampigie mumewe Riyadh, na yule Lorine aliyekuja jana arudishwe.

"Baba, utamtemea tena," madam akasema.

"Nitameza."

Ruhusa ilitoka kabla ya adhuhuri. Nilipokwenda kumuaga, alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, anasubiri kijiko cha mgeni. Nilimhurumia kuliko siku zote, na nikaondoka hivyohivyo.