Wino Uliofutika Masikioni

Jamani, ujuaji nao ni ugonjwa. Fundi viatu mmoja mstaafu, mtaa mzima ukimwita Babu Sungura, alifuga sungura weupe wa mbegu ya kale ya kwao, na madume wote walikwisha akabaki mmoja. Mmoja tu! Tena huyo alilelewa pamoja na dume chotara: mama wa chotara alikufa, babu akamhamishia mtoto kwenye kiota cha jike halisi akanyonyeshwe. Wakakua weupe pee wote wawili, huwezi kuwatofautisha. Ndipo babu akamtia yule halisi nukta ya wino ndani ya sikio.

"Baba, tuandike na kwenye vizimba," mkamwana wake alimshauri.

"Tuandike nini? Hawa nawajua hata kwa kuwapapasa."

Kisha akalazwa hospitali wiki tatu. Mkamwana akampigia simu: sungura wanajikuna masikio mpaka huruma.

"Utitiri huo!" babu akafoka. "Wasugue mafuta mpaka masikio yang'ae!"

Binti wa watu akasugua. Akaosha na vizimba, akawarudisha popote, maana kwake sungura ni sungura.

Babu aliporudi tu, bwana mifugo akafika na jike wa mwisho wa mbegu ile, maana majike wa babu walishakufa wote; naye mzee, wa kuzaa mara moja tena akijaliwa. Babu akafunua sikio la dume wa kwanza. Hamna kitu. La wa pili. Hamna. Akakaa kwenye maranda ya kutandikia vizimba.

"Nisamehe, baba," mkamwana akalia.

"Wewe una kosa gani? Si nilikuagiza mwenyewe!"

Akawapapasa migongo, akawapima miguu, akawanusa, jasho likimtoka. Wapi! Bwana mifugo akamwinamia.

"Mzee, chagua mmoja. Nani atajua?"

Loo, alitamani! Mkono ulishanyooka. Lakini akikosea, kila mtoto atakayezaliwa ataandikwa halisi, na uongo huo ndio utakaoitwa mbegu ya kwao. Asipochagua, mbegu imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye.

"Mrudishe jike wako," akasema. "Mimi sijui."

Bwana mifugo akafunga kikapu, akaenda zake. Mkamwana akauliza kwa woga hawa wawili wawafanyeje.

"Wape majani," babu akasema huku akilia waziwazi. "Wana njaa."